Wifi Aliyeachwa Njiani

Waliowahi kukimbia mbio za ziwani husema kwamba macho hushiba kabla miguu haijachoka. Barabara hutoka uwanjani, hupanda kilima cha misonobari, kisha hushuka na kufuata ukingo wa ziwa kilomita baada ya kilomita. Upande mmoja maji humetameta kama bati jipya. Upande wa pili miamba huchuruzika maji mwaka mzima. Penye kilomita ya ishirini na moja kuna daraja la mawe. Hapo mkimbiaji hugeuka na kurudi kwa njia ileile aliyojia, hivyo wanaokwenda na wanaorudi hupishana uso kwa uso, hatua mbili tatu tu baina yao. Katika kupishana huko ndiko kulikotokea jambo hili.

Alikuwepo mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyeshona katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na msumari ukutani zilikoning'inia nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mumewe, fundi bomba, alikufa kwa homa ya siku nne. Homa iliingia Jumatatu na Alhamisi ikatoka naye. Tangu siku hiyo fundi hakukanyaga cherehani. Alilala akiutazama ukuta, na chakula walichomletea majirani kilipoa mezani.

Aliyemwinua ni wifi yake, dada wa marehemu. Huyo alikuwa mwoka mikate, mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono iliyojaa alama za tanuri na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Wateja walimwita Chachu. Walisema hata mtu aliyebwagwa na dunia, akikaa naye robo saa, ataumuka. Naye alikuwa amefiwa na mdogo wake wa pekee, lakini alilia huku akikanda unga, kisha akanawa mikono.

Asubuhi moja alisimama penye kitanda cha fundi, aproni bado kiunoni.

"Wifi, amka uvae viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Tunakimbia hadi nguzo ya tatu ya umeme, tunarudi."

"Watu watatucheka."

"Waache wacheke. Angalau leo tutakuwa tumemfaa mtu."

Walikimbia na viatu vya mpira. Kwenye nguzo ya pili walishikana mabega wakihema, mmoja akicheka, mwingine akilia. Kesho yake walifika ya tatu. Mwaka ulipokwisha walikuwa wakimaliza kilomita kumi bila kusimama, na cherehani ilikuwa imerudi kuimba.

Chachu alikimbia polepole na aliongea njia nzima. Alisimulia habari za wateja, za unga mbovu, na hasa za mdogo wake: jinsi alivyoogopa bata utotoni, jinsi alivyofukuzwa darasani kwa kupiga miluzi, jinsi alivyorudi nyumbani akinong'ona kwamba ameona msichana mwenye futi ya kupimia shingoni. Fundi alisikiliza kwa kiu. Kila asubuhi alirudi nyumbani akimjua mumewe kidogo zaidi kuliko jana, kama kwamba marehemu alikuwa bado anaendelea kuishi mahali fulani.

Walipojiandikisha kwa mbio za ziwani, Chachu alisema, "Tutaanza pamoja, tutamaliza pamoja. Hata tukifika wanafagia uwanja, wafagiaji watatupigia makofi."

Katika mji huo palikuwa na kikundi cha wakimbiaji wa jezi za bluu: mfamasia, karani, mwalimu wa hesabu, na kocha wao, askari mstaafu aliyetazama saa yake zaidi kuliko alivyotazama watu. Walimletea fundi jezi zao azipunguze viuno. Kocha alikuwa amekwisha kumwona barabarani.

"Mama, wewe una miguu ya kulungu," alimwambia, "lakini unakimbia na kobe."

Fundi alicheka. Hakujua kwamba kwa kicheko hicho alikuwa amekwisha kuvuka mstari.

Siku ya pili alimfuata wifi yake kwenye chumba cha tanuri. Chachu alikuwa akipaka mafuta makopo ya mikate.

"Wifi, wale wa jezi za bluu wameniomba nijaribu nao. Wiki mbili tu."

Chachu aliendelea kupaka. "Nenda, wifi. Mguu wenye mbio haufungwi kamba."

"Hutakasirika?"

"Nikasirike nini? Nitaongea na nguzo za umeme. Zenyewe hazinikatizi."

Wiki mbili zikawa miezi mitano. Fundi alijifunza kuhesabu mapigo ya moyo, kula kwa saa, kupanda kilima bila kuinua kichwa. Dakika zilipungua na sifa zikaongezeka, na sifa, kama tujuavyo, ni tamu kuliko asali na hazina nyuki wa kuzilinda. Chachu alipopita kuuliza, "Kesho, wifi?" jibu lilikuwa, "Kesho tuna vilima." "Kesho kutwa je?" "Kesho kutwa kocha ametukataza kukimbia." Mwishowe Chachu aliacha kuuliza. Aliacha mkate kwenye dirisha na kwenda zake.

Siku moja tu alichelewa mlangoni. "Siku hizi nikipanda ngazi za stoo," alisema, "kifua kinabana kama mtu amenikalia."

Fundi alikuwa na pini mdomoni na mteja mbele yake. "Ni unga huo, wifi. Nenda ukapimwe."

"Nitakwenda baada ya mbio."

Fundi aliichomoa pini, akaichoma kwenye pindo, na maneno yakaishia hapo.

Siku ya mbio, uwanja ulijaa watu kama siafu. Chachu alipenya katikati ya jezi za bluu, kitambaa cha njano kichwani, namba yake imebandikwa upande. Fundi aliinyoosha na kuibandika vizuri.

"Tuanze pamoja basi," Chachu alisema. "Hata mita mia tu."

"Fundi! Mstari wa mbele!" kocha aliita.

Fundi aliuminya mkono wa wifi yake, akauachia.

Mbio zilikuwa nzuri kupita kiasi. Misonobari ilinukia, ukungu ulikuwa ukijikunja juu ya maji, na ndege weupe waliruka wote kwa pamoja kama shuka lililokung'utwa. Fundi alikimbia katikati ya wenzake wanne, hatua zao zikilia kwa mpigo mmoja. Walimpita mtu mmoja mkubwa wa mwili, mchora mabango, ambaye alikuwa ameanza kwa pupa na sasa akitembea. "Huyo atafika na mwezi mwandamo," mfamasia alisema, na wote wakacheka. Waligeuka darajani sekunde chache kabla ya muda waliopanga. Wangemaliza chini ya saa nne.

Penye kilomita ya ishirini na tano fundi aliona kitambaa cha njano.

Chachu alikuwa akija kutoka upande wa pili, kando kabisa ya barabara. Hakuwa anakimbia. Mkono mmoja ulishika uzio wa chuma uliozuia watu wasianguke ziwani, mwingine ulikuwa kifuani. Uso wake ulikuwa umepauka kama uliopakwa unga. Alipomwona fundi, midomo yake ilitikisika.

"Wifi," alisema, "simama kidogo."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba maji nyumbani kwake mwenyewe.

"Tuko sawa, msivunje mwendo," kocha alikuwa akisema, macho kwenye saa. "Msivunje mwendo."

Fundi alinyoosha mkono juu. "Tutaonana mwisho, wifi!"

Akapita. Alijiambia kwamba wifi amechoka tu. Alijiambia kwamba watu wa huduma ya kwanza wako kila mahali. Alijiambia kwamba akisimama, miguu yake haitakubali kuanza tena. Mtu akitaka kupita, haishiwi na sababu.

Walipofika kilomita ya thelathini na nne, paja lake lilikaza ghafla kama kamba iliyovutwa na ng'ombe. Alipiga kelele na kuanguka kwenye nyasi za kando. Kocha aligeuza kichwa mara moja.

"Nyoosha mguu, kunywa maji! Tutaonana mwisho!"

Migongo minne ya bluu ilikwenda ikipungua, ikamezwa na kona. Fundi alikaa pale, ameushika mguu kwa mikono miwili, na maneno yale yalikuwa yakimlia masikioni. Ndipo alipouona tena ule mkono kifuani, na safari hii hakuwa na mwendo wa kumpitisha haraka. Ziwa lilitulia mbele yake, zuri vilevile, lisilo na msaada wowote. Kurudi nyuma ilikuwa kilomita tisa. Kwenda mbele, nane. Aliinuka, akaenda mbele akichechemea, na kila aliyemfikia kutoka nyuma alimwuliza, "Umemwona mwanamke wa kitambaa cha njano?" Hakuna aliyemwona.

Alipovuka mstari, saa ilionyesha saa nne na dakika ishirini na saba. Walimvika nishani. Jezi za bluu zilikuwa zimekwisha kupiga picha na kuondoka. Mwanamke wa meza ya taarifa alipitisha kidole kwenye karatasi, akakisimamisha.

"Huyu amepelekwa hospitali. Wewe ni nani wake?"

Kwenye benchi la hospitali alimkuta yule mchora mabango, namba bado kifuani, viatu vya Chachu vimewekwa vizuri magotini pake.

"Wewe ndiye wifi?" aliuliza. "Nilimkuta ameketi chini, amejiegemeza kwenye uzio. Nikamwambia nakaa hapa mpaka gari lije. Lilichelewa, barabara imefungwa. Amenisimulia habari za mdogo wake muda wote. Hata nilicheka, Mungu anisamehe."

"Na mbio zako?"

"Zipo mwakani," alisema, na kumkabidhi viatu.

Chachu alikuwa amelazwa karibu na dirisha, nyaya zimebandikwa kifuani. Alifumbua macho.

"Umetumia muda gani?"

"Saa nne na dakika ishirini na saba."

"Hongera." Aliitazama nishani shingoni mwa fundi. "Wifi, uliniona?"

Ulimi hauna mfupa. "Sikukuona, wifi," fundi alisema. "Watu walikuwa wengi, na jua lilinipiga machoni."

Chachu aliitazama dari. "Ulininyooshea mkono."

Fundi alishika chuma cha kitanda. Machozi yalimtoka, yakadondokea nishani ambayo alikuwa amesahau kuivua. "Nisamehe, wifi yangu."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe palepale kwenye uzio, maana sikujua kama nitaiona jioni. Lakini hili la sasa hivi, la kusema hukuniona, hili limeniuma kuliko kifua."

Daktari alisema moyo umedhoofika, na hautarudi ulivyokuwa. Fundi aliomba amchukue wifi yake kwake. Cherehani ingehamia chumbani, naye mgonjwa angelala chumba cha mbele chenye hewa. Chachu alitikisa kichwa taratibu.

"Dada yetu mkubwa atanichukua. Yeye hana haraka ya kufika popote."

Akaondoka kwenda mji wa mbali. Tanuri lilipoa, na mlango wa duka la mikate ukafungwa kwa kufuli.

Fundi alipiga simu kila Jumapili. Chachu hakumnunia wala hakumsema vibaya. "Sijambo. Nyumbani? Haya, nashukuru kwa kunijulia hali." Alimjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mteja. Habari za marehemu hakuzitaja tena, na fundi, aliyekuwa na maswali tele, hakuthubutu kuuliza. Kwa upande wa jezi za bluu, mguu wake ulichelewa kupona, na hawakuwa na desturi ya kusubiri. Asubuhi moja aliwaona kupitia dirishani. Walikuwa bado watano. Mwanamke mgeni alikuwa amevaa jezi ambayo fundi mwenyewe aliipunguza kiuno. Walipita mbele ya mlango wake kwa mpigo mmoja, na hapana aliyegeuza shingo.

Mwezi wa nne tangu wifi aondoke, dada mkubwa alipiga simu mchana. Chachu alikuwa amekaa kwenye kiti uani, akichambua mchele, akainamisha kichwa kama aliyesinzia.

Fundi alisafiri kwenda msibani. Alikaa pembeni, miongoni mwa wanawake asiowajua, walioongea kwa sauti ya chini kuhusu marehemu na vituko vyake. Mmoja wao alimsogezea mto wa kukalia.

"Pole, mama. Na wewe ni nani wake?"

Neno lilikuwa jepesi, la silabi mbili tu, alilokuwa akilitamka kila siku kwa miaka. Alichagua maneno mengine.

"Nilikuwa nikikimbia naye," alisema.

Jioni ilipofika, alijaribu kukumbuka mumewe alikuwa akipiga wimbo gani wa miluzi hata akafukuzwa darasani. Chachu aliwahi kumwambia, na yeye alisahau. Alitazama nyuso zote za pale, hakuona wa kumwuliza. Dada mkubwa alikuwa ameolewa mbali kabla kaka yao hajaanza shule. Hapo ndipo alipotambua kwamba amefiwa na mume kwa mara ya pili, na safari hii aliyemfungulia mlango atoke ni yeye mwenyewe. Akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kimyakimya, kama aliavyo mtu asiye na haki ya kulia.

Wahenga walilisema mapema, nasi hulisikia tukiwa tumechelewa: usiache mbachao kwa msala upitao.