Mboga ya Kivulini

Ndugu zangu, leo akina mama mnivumilie, maana nataka kuingia jikoni kwenu, na mwanaume akiingia jikoni watu huanza kuangaliana. Angalianeni tu. Sitagusa kitu.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, katika kijiji cha nchi kavu kama hii yetu. Nitampa jina, kwa sababu nisipompa nawajua, mtaanza kumtafuta humu humu kwenye mabenchi. Tumwite Persida.

Persida alikuwa fundi wa kazi za nyumbani. Mnajua hali ya kwetu. Mvua ikinyesha, mboga huota mpaka njiani: kunde, mgagani, mlenda, majani ya maboga, mbuzi wenyewe wanachagua. Halafu mvua inakata, ardhi inapasuka, na mtu anasahau hata rangi ya jani. Sisi wengine wakati wa mvua tunakula tunashiba tunalala. Persida halali. Majira ya mboga yakifika, uani kwake hapana pa kukanyaga. Majamvi, nyungo, magunia yaliyochanwa, yote yamejaa majani yaliyoanikwa. Anachemsha kidogo, anakamua, anaanika, anageuza, kisha anahifadhi kwenye vibuyu na mitungi na kuziba midomo yake kwa udongo. Maharage ameyachanganya na majivu, mdudu hasogei. Mahindi ameyawekea majani ya mwarobaini. Ndimu zimelala kwenye chumvi ndani ya chupa. Ukwaju ameufinyanga madonge. Na sufuria zake! Alizisugua kwa majivu na maganda ya ndimu mpaka ukiinama juu yake unaziona ndevu zako. Sakafu yake ilikuwa ya udongo, lakini ukifika mlangoni ulivua viatu bila kuambiwa.

Na Persida alijua kwamba anaweza. Alipopita njiani alipita shingo juu, kama mtu anayekwenda kuitwa jina mbele za watu. Na kweli aliitwa. Kila mwaka sikukuu ya mavuno ikifika, wageni wakitoka mbali, mchungaji wao alikuwa anasema, "Mboga ya Persida ipo?" Ipo! Mboga kavu iliyopikwa kwa karanga, na ugali wa uwele pembeni. Watu walikula wakilamba vidole, na Persida alisimama kando na kanga yake safi, akipokea sifa moja moja, kama anayepokea watoto wachanga.

Sasa mwanawe wa pekee akaoa. Akaleta binti kutoka upande mwingine wa mkoa. Huyu naye tumwite Foibe. Binti mpole, mikono yake haipendi kukaa bure. Asubuhi ya kwanza tu alifagia uwanja, akachota maji, akaenda zake kusimama mlangoni pa stoo.

"Shikamoo mama. Naweza kukusaidia humu ndani?"

Persida akaitikia, "Marahaba." Kisha akavuta mlango. "Sikiliza, binti. Wewe umeolewa na mwanangu. Hukuolewa na stoo yangu."

Mnacheka? Chekeni. Lakini wangapi humu tuna mlango kama ule? Wangapi tuna kazi tunayoifanya vizuri, na tunahakikisha hakuna mwingine anayeijua?

Foibe akawa mtu wa maji na kuni. Aliona mboga zikiingia stoo, aliona mboga zikitoka, lakini katikati hapo palikuwa pa Persida peke yake.

Mwaka mmoja, mvua ilipoanza kuchangamka, Persida aliinama kuchuma kunde, na alipotaka kuinuka hakuinuka. Kiharusi. Walimbeba wakampeleka hospitali, Mungu akamrehemu, akarudi nyumbani akiwa hai, akili timamu na ulimi wake ule ule. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala. Ulining'inia tu ubavuni kama si wake.

Ndugu zangu, kunde hazisubiri mtu apone. Majani yalikuwa shambani, laini, yamefika. Ukiyaacha kidogo tu yanakomaa, yanakuwa magumu ya kutafuna hadi taya liume. Na nyuma ya mvua kuna kiangazi chote, na kiangazi cha kwetu hakina huruma. Persida alikaa kwenye kigoda mlangoni, akayatazama majani ya shamba lake, na machozi yakamtoka. Alilia kwa hasira, kama askari aliyenyang'anywa silaha.

Foibe akaja akapiga magoti mbele yake. "Mama, wewe niambie la kufanya. Kujua ni kwako. Mikono nitatoa mimi."

Persida akafuta machozi kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Lete sufuria kubwa."

Hapo ndipo shule ilipoanza, na ilikuwa shule yenye fimbo. "Maji yamechemka mno! Toa! Toa, unapika au unahifadhi?" "Kamua! Usiyaonee huruma majani, kamua!" "Unageuza kama unayeogopa kuamsha mtoto!" Foibe alijibu, "Sawa mama," akageuza. Jioni alikuwa amechoka mpaka kijiko kinamtoka mkononi.

Tenga la kwanza liliota ukungu. Foibe aliyakusanya majani kabla hayajakauka vizuri kwa ndani, akayafungia kibuyuni, na walipofungua, harufu iliwapokea. Persida alifoka, majirani walisikia. Lakini niwaambie siri ya moyo wake? Ndani kabisa, alifurahi. Alijisemea, "Hata nikiwa nusu mtu, hakuna kama mimi."

Msimwone mbaya. Nani kati yetu hajawahi kuachia kazi, kisha akakaa pembeni akingoja anayemfuatia aharibu? Kwaya mpya ikikosea sauti, wa kwaya ya zamani hawajawahi kutabasamu?

Foibe hakulia. Aliyamwaga majani yale kwenye lundo la mbolea, akasugua kibuyu kwa mchanga na maji ya moto, akakianika kinywa chini, akarudi shambani. Lakini safari hii alifanya jambo. Nyuma ya jiko alichomeka miti, akafunga kichanja, akakiezeka nyasi juu. Akatandaza mboga kwenye nyungo, akazipanga juu ya kichanja, ndani ya kivuli, mahali upepo unapopita. Akafunika kwa kitambaa chepesi ili nzi wasiguse.

Persida alijikokota kwa fimbo mpaka nyuma ya jiko. Akasimama. "Hii ni nini?"

"Ni mboga, mama."

"Naona ni mboga. Nani kakuambia mboga inakaushwa kivulini? Jua la Mungu lipo bure pale uwanjani!"

"Kwetu mama yangu anaanika hivi. Anasema jua kali linakausha mboga na kuitoa roho yake. Inabaki nyeusi. Upepo unakausha taratibu, na kijani chake kinabaki."

"Mama yako yuko hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi mboga yangu irudi juani."

Foibe alishika ukingo wa ungo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe. Ile ya kwanza nilifanya kama ulivyosema na nikaharibu. Hii niache niifanye kama ninavyojua. Sitairudisha juani."

Ni mara ya kwanza mtu kumwambia Persida "sitafanya" katika uwanja wake mwenyewe. Aligeuka akaingia ndani. Tangu siku hiyo alikula chakula kilicholetwa, akarudisha sahani, na neno halikutoka. Foibe akachuma, Foibe akachemsha, Foibe akakamua na kugeuza, peke yake. Vibuyu vikajaa. Maharage yakapata majivu yake, mahindi yakapata mwarobaini wake, sufuria ziling'aa kama zamani. Lakini kila alipopeleka mboga kidogo ndani, akisema, "Mama, onja," Persida aligeukia ukutani.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Mwaka huo alikuja askofu. Kanisa lilijaa mpaka nje, mabenchi yakatolewa uani chini ya turubai. Na jiko la sikukuu nani alilisimamia? Foibe, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa nyumba ile. Alipika tangu alfajiri. Persida aliletwa kwa baiskeli ya mwanawe, akakalishwa mbele na wazee wa kanisa, kanga yake safi, mkono uliolala umefichwa ndani ya kanga.

Chakula kikatolewa. Askofu akaonja mboga. Akaonja tena. Akaomba aongezewe, na watu wakapiga vigelegele, maana askofu akiomba kuongezewa, kijiji kizima kimeshiba. Mchungaji akasimama akasema kwa furaha, "Baba Askofu, hiyo ndiyo mboga ya Persida! Ugonjwa umempiga, lakini mkono wake haujazeeka!"

Makofi. Vigelegele tena. Wote wakamgeukia Persida.

Sasa sikilizeni vizuri. Sifa ile imekuja mpaka mapajani mwake. Angeweza kuipokea. Angetikisa kichwa tu, kama alivyokuwa akifanya miaka yote, na yamekwisha. Foibe alikuwa kule kwenye masufuria, uso unavuja jasho, upawa mkononi, macho chini. Asingesema neno. Mnajua asingesema.

Persida alikuwa bado hajaonja. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akachota kidogo, kikamwagikia kangani, akachota tena. Akatia mdomoni. Mboga ilikuwa kijani, kijani cha mwezi wa mvua, katikati ya kiangazi. Ilikuwa laini, ina utamu wa jani lililochumwa asubuhi.

Akatafuna. Akameza. Kisha akashika fimbo yake, akainuka. Wazee wakataka kumsaidia, akawakatalia kwa macho.

"Baba Askofu," akasema, "mboga hii si yangu."

Watu wakacheka kidogo. Wakadhani ni unyenyekevu, ule wetu wa kusema "si kitu" huku tunataka tuambiwe ni kitu.

"Msicheke. Nasema si yangu. Miaka yote mliyonipigia makofi, mboga yangu haikuwahi kuwa tamu hivi."

Watu wakaacha kula. Hata watoto.

"Foibe! Mwanangu, njoo hapa."

Foibe akaja, amesahau kuweka chini upawa. Persida aliiachia fimbo, akamshika kiganja kwa mkono wake ule mmoja, akakiinua juu mbele ya askofu na kijiji kizima. Kiganja kilikuwa na makovu ya moto na kijani cha majani kwenye kucha. "Mnasema mkono wangu wa kulia umelala," akasema. "Ndio huu hapa. Umeamka, na umenipita."

Foibe alilia palepale. Persida hakulia. Aliinua shingo juu, juu kuliko siku zote, na waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona anaringa kama alivyoringa siku ile. Na alikuwa anaringia kitu ambacho hakukifanya yeye.

Ndugu zangu, tumezoea kuambiwa kwamba fahari ni mbaya. Mimi leo sitawaambia hivyo. Mama anayehifadhi chakula cha kiangazi wakati wenzake wanalala, mama anayeng'arisha nyumba kwa majivu na ndimu mpaka mgeni anavua viatu, ana haki ya kuinua shingo. Mungu alipomaliza kuumba alitazama kazi yake akaona ni njema. Hakuangalia chini kwa aibu. Basi nasi tukifanya vizuri, tutazame, tufurahi.

Lakini sisi tuna ugonjwa mmoja, na hauko mkononi. Sifa ikipita mlangoni petu inakwenda kwa jirani, tunaikamata. Baba, unasifiwa kwa watoto wenye adabu. Nani aliyekaa nao? Mzee wa kanisa, unasifiwa kwa kanisa safi. Nani anayelifagia, na unamjua jina lake? Nami mhubiri mnanisifia mahubiri, na shati hili nililovaa sikulinyoosha mimi. Wapo watu humu ndani wanaosikia kazi yao ikitajwa kwa jina la mtu mwingine, nao wanaangalia chini na upawa mkononi. Kusema kweli mbele ya watu waliokwisha kukupigia makofi, hapo panahitaji moyo mkubwa kuliko wa kupika. Persida alikuwa nao. Je, sisi?

Jumapili ijayo ni sikukuu yetu ya mavuno. Mtakuja hapa mbele na matenga, na vibuyu, na chupa za ndimu, na mboga kavu, na mimi nitapokea. Safari hii sitauliza nani ameleta. Nitauliza nani ameandaa. Na wewe uliyebeba, usiniambie "ni sisi wote." Tamka jina lake, kwa sauti, mpaka aliyeketi mwisho kabisa kule nyuma ageuke amtazame.