Nishani ya Simba wa Fedha

Mtawala wa kijimbo fulani cha Ujerumani alibuni nishani na kanuni yake: atakayevishwa na mtawala mwenyewe hatafukuzwa mjini maishani. Akamwita Gotthelf, sonara mwenye pua kama bamia, aliyezoea kujicheka kabla hajachekwa.

“Ukimaliza kuitengeneza, uhame mji huu. Sitaki uchonge nyingine.”

Siku ya kuikabidhi, Gotthelf alisema mbele ya baraza, “Mtukufu, kwa ujinga wangu, nahofia simba ananing’inia upande. Ijaribiwe kwa mtu.”

“Kwa nani?”

“Mwenye cheo atajiona kapewa. Labda kituko kama mimi, ila mikono yangu inatetemeka.”

Baraza likaangua kicheko. Mtawala, huku akifuta machozi, akamtundikia kifuani.

Gotthelf akainama. “Ahsante, Mtukufu. Basi nikafungue mizigo.”