Ngamia Aliyedhani Yuko Safarini

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kivivu, lakini nasonga mbele. Hadithi hii wako wanaoisimulia huko na huko, nao huikata mkia. Mkia wake mzima ninao mimi.

Hapo kale, kale hasa, kabla babu za babu zenu hawajajua mafuta ya dukani, palikuwa na Ngamia aliyezungusha kinu cha ufuta katika mji mmoja wa pwani. Mwenye kinu alikuwa Bwana Shekuwe, mtu wa maneno laini kama mafuta yake. Alimnunua Ngamia angali ananyonya, akamwacha mama mtu huko bara, kwenye chemchemi, analia.

Kila alfajiri Shekuwe alimfunga Ngamia kitambaa machoni kabla ya kumpeleka kinuni, mbele ya nyumba. Ndivyo wafanyavyo wakamua mafuta, maana ngamia akijiona anazunguka hushikwa na kizunguzungu, akaanguka. Kisha alimpiga kofi la ubavuni, akamwambia, "Haya bwana mkubwa, safari."

Ngamia akaenda. Akaenda, akaenda, akaenda.

Akasikia harufu ya kahawa. Akasema moyoni, huu mji wa wauza kahawa. Akaenda, akasikia nyundo, ko, ko, ko. Akasema, huu mji wa wahunzi. Akaenda, akasikia samaki anakaangwa kwenye mafuta. Akasema, huu mji wa wavuvi. Akaenda, ikaja tena kahawa. Akasema, lo, dunia hii ina wanywa kahawa wengi.

Jioni hurudishwa bado kafungwa macho, na akifunguliwa kitambaa hujikuta uani nyuma ya nyumba, naye hushukuru amerudi salama. Huwageukia mbuzi wa pale uani na kuwasimulia miji aliyoipita, huku akiwahurumia kwa kukaa mahali pamoja. Mbuzi hutazamana, wakatafuna. Mbuzi hapendi ugomvi na mtu mrefu.

Mvua za mwaka zikaja, na Korongo akaja nazo kutoka bara. Akatua ukutani siku ya Ijumaa, kinu kimelala. Akamwambia Ngamia kwamba mama yake yu hai, yuko pale pale chemchemini, anamuulizia. Lango la ua liko wazi, na njia ni moja tu.

"Ijumaa napumzika," Ngamia akasema. "Mimi mtu wa safari, Korongo. Miguu inaniuma. Mwambie mama nitapitia kwake huko huko njiani."

Korongo akamtazama, asimwelewe. Akaruka.

Mwaka wa pili akaja tena. Akasema mama haoni vizuri siku hizi, anawajua watu kwa vishindo vyao. Ngamia akajibu kwamba sasa amekaribia sana, kwa mwendo anaokwenda. Bara haiwezi kuwa mbali na mtu aliyekwisha pita miji yote ile. Akampa Korongo salamu, ndefu, zenye madaha.

Mwaka wa tatu Korongo hakungoja Ijumaa. Alikuja asubuhi, kinu kinalia, Ngamia kafungwa macho. Akatua juu ya nundu yake.

"Mamako hainuki tena," akamwambia. "Wenzake wamehamia malisho mengine, yeye kakataa. Anasema atakungoja."

"Niko njiani, ndugu yangu. Huoni ninavyokwenda?"

"Naona," akasema Korongo. Akainama, akakivuta kile kitambaa kwa mdomo, kikaanguka.

Ngamia akafumba macho kwa jua, akafumbua. Akamwona muuza kahawa nje ya mlango, na birika lake. Akamwona mhunzi ng'ambo ya kichochoro. Akamwona mama muuza samaki, anageuza samaki. Akatazama chini. Palikuwa na mfereji wa duara, umechimbika hadi magotini, na nyayo ndani yake zilikuwa zake.

Akauliza polepole, "Na ile miji?"

"Ndiyo hii."

Ngamia akasimama. Kinu kikanyamaza. Akaisukuma kwa kifua ile boriti ya kinu aliyofungiwa, kamba zikakatika, akatoka langoni. Shekuwe akamkimbilia, akamwita kwa majina yote matamu, mpenzi, tajiri wangu, akamuuliza anakwenda wapi na hali kazi haijesha.

"Safari," Ngamia akasema.

Akaenda. Na jamani, njia ile! Akavuka mto, maji yakamgusa tumbo, akacheka peke yake. Akalala penye majani ambayo hakuyajua jina. Kila kukicha palikuwa pageni, naye akajiona mgeni kwa nafsi yake, mwepesi, masikio yamesimama. Kila alichokiona alikiweka moyoni, akasema hiki nitamsimulia mama. Na hiki. Na hiki pia.

Akafika chemchemini. Akamkuta Kobe peke yake, anakunywa.

Kobe akamwuliza kama ndiye yule mtoto. Ngamia akaitikia. Kobe akamwonyesha mahali palipolala nyasi, akamwambia mama alikufa mvua ya kwanza iliponyesha, Korongo akiwa ameshaondoka.

"Alisema nini?"

"Kila kilichopita alisema, ndiye huyo. Swala, nguruwe, hata mimi. Nilimwambia, mama, mimi Kobe. Akasema, basi nawe kaa kidogo, nisimulie umepita wapi."

Ngamia akapiga magoti pale penye nyasi. Akaanza kusimulia. Akaueleza mto. Akayaeleza yale majani. Kobe akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, lakini Ngamia hakuwa akisema naye.

Toka siku hiyo ngamia hutembea mbali, na uso wake ni ule mnaouona, kama wa mtu aliyechelewa.

Basi wenzangu, mafunzo ndiyo haya. Mtu anaweza kuchoka kutwa kucha na asiwe amekwenda popote. Siku zako zikifanana, toka uone kwingine, ujue ulipokuwa umesimama. Na kama kuna anayekungoja, toka upesi.

Imekwisha. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda aiache hapo kizingitini, kuna mwingine ataiokota.