Tumpe Achagua Trela

Tumpe alikuwa na lori kuukuu ambalo tajiri Mwalyego alilimezea mate.

"Chagua trela langu lolote," Mwalyego alimwambia. "Ukilifikisha machimboni pamoja na katapila langu kabla ya adhuhuri, trela ni lako. Ukishindwa, lori lako ni langu."

Tumpe alichagua kubwa kuliko yote, lenye magurudumu kumi na sita.

Mwalyego alicheka mpaka akashika mbavu. "Kilori chako hakilivuti hata likiwa tupu!"

"Niazime mnyororo, bosi. Na ufunguo wa katapila."

Adhuhuri ilipokaribia, Mwalyego akingoja machimboni, mlima ulinguruma. Katapila lilitokeza, Tumpe kitini, likivuta trela kwa mnyororo. Juu ya trela, lori lilikuwa limekaa kama bibi harusi.

"Katapila ndilo mzigo!" Mwalyego alifoka.

"Mwenye nguvu ndiye avute. Sogea, bosi, nigeuze trela langu."