Hodi ya Tatu

Sogeeni motoni, na anayesinzia afumbue macho, ngano inapita.

Palikuwa na mwanamke, Nyamizi, ambaye mumewe Kasanga alikwenda porini kurina asali asirudi. Nyamizi alipojifunga kibwebwe kwenda kumtafuta, mama mkwe alimpa kibuyu cha majivu ya jikoni.

“Mwanangu, ukimrushia mnyama majivu haya, atakwenda zake asikurudie milele. Lakini kwanza piga hodi. Pori hili hugeuza watu, na aliye mtu ataitika.”

Akaenda, akaenda, akakutana na nyati. “Hodi,” akasema. Nyati akaparua ardhi kwa kwato. Nyamizi akarusha majivu, nyati akaenda zake.

Akaenda, akaenda, akamkuta simba amelala njiani. “Hodi.” Simba akanguruma. Akarusha majivu, simba akaenda zake.

Akaenda, akaenda, hata mtoni. Mara miti ikavunjika, akatokea tembo mkubwa kama nyumba, masikio wazi, anamjia mbio. Msimcheke Nyamizi, hofu haina adabu. Hodi ilimkwama kooni, akarusha majivu yote yaliyobaki.

Tembo akasimama. Machozi yakamchuruzika. Kisha akageuka, maana majivu hayana huruma, na alipokuwa akizama msituni akaitika kwa sauti ya Kasanga:

“Karibu, mke wangu.”

Nyamizi akapiga hodi, akapiga hodi, hata sauti ikampotea. Pori likanyamaza.

Ngano yangu nimeilaza hapo mtoni. Atakayepita, atangulize hodi.