Nafasi ya Loi kwenye Benchi Fupi

Sogeeni, sogeeni. Mwenye ugomvi na jirani yake aumalize kwanza, maana nikifika mwisho mtaanza mwingine.

Huko Ugogo, katika mtaa mmoja wa kanisa, walikuwako watu watatu wenye vipaji. Foibe alikuwa na mkono wa kupika. Mlenda wake wa karanga ulimfanya hata aliyeshiba aulize kama kuna ugali uliobaki. Naftali, mchunga mbuzi, alijua kukaa na mtu. Angekaa nawe nusu siku asiseme neno, nawe ukaondoka ukijisikia umezungumza kweli kweli. Sechelela, muuza maziwa ya mgando, alikuwa na ulimi. Yale yasiyotakiwa kusemwa ndiyo aliyoanza nayo, kisha akaomba maji ya kunywa.

Na alikuwako babu Yeremia, seremala ambaye macho yalimwacha uzeeni. Mabenchi yote ya kanisa aliyatengeneza yeye. Mbao zilipokaribia kwisha, akaunda benchi fupi la watu wawili, likaingia sawasawa kati ya nguzo na ukuta. Hapo ndipo alipokaa na mkewe, Loi. Wimbo ukianza, Loi alimgonga goti kwa vidole kumpa mapigo, naye Yeremia akashusha sauti yake ya besi mpaka watoto wakageuka kumtazama. Macho yalipozima, Loi ndiye aliyemshika mkono kila Jumapili.

Kisha Loi akafariki.

Waumini, kwa kumpenda, wakaamua jambo bila hata kikao: nafasi ya Loi isikaliwe na mtu. Hata sikukuu ya mavuno kanisa lilipofurika, watu walisimama nje juani, ile nafasi ikabaki wazi. Yeremia alikwenda mara moja tu, akipapasa njia kwa fimbo. Alipokaa akanyoosha mkono, na mkono ukakuta ubao mtupu. Ibada haijafika katikati akainuka, akarudi kwake, akajilaza. Akasema hataki chakula, hataki wimbo, anataka kumfuata Loi.

Watu wakasema, tumwombee babu. Wakamwombea vizuri kabisa, kila mtu nyumbani kwake.

Jumapili moja mchungaji akasimama, akakunja miwani yake. "Ndugu zangu, babu Yeremia tumemwombea sana. Sasa naomba kuuliza, nani amekwenda kumwona?" Kanisa zima likatazama sakafu. Lakini watatu wale swali liliwachoma, na kila mmoja akaondoka nalo moyoni.

Foibe akaenda na bakuli.

"Sili," alisema Yeremia, amegeukia ukuta.

"Wala sijakuambia ule, babu. Naweka hapa, nikufulie shuka."

Akafua taratibu, akaimba kidogo, akaanika. Aliporudi ndani bakuli lilikuwa jeupe, na babu amegeukia ukuta vile vile, ila ndevu zina mlenda. Foibe akachukua bakuli lake. Akaja kesho yake, na keshokutwa, hata mwili wa babu ukarudi. Lakini kitandani hakutoka.

Naftali akaja na fimbo yake. "Mbukwenyi, babu," alisalimu, akaketi. Akanyamaza.

"Unataka nini?" Yeremia aliuliza baada ya muda mrefu.

"Sitaki kitu."

Alikuja hivyo hivyo kila mchana, mbuzi wakisubiri nje. Siku moja Yeremia akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Naftali hakumwambia nyamaza, wala jikaze. Alimwacha alie mpaka akamaliza. Jumapili iliyofuata, chuma kilipogongwa kwenye rimu ya gari iliyotundikwa kuita watu ibadani, Naftali akamwekea babu ncha ya fimbo mkononi. "Mimi nakwenda. Twende wote."

Babu akainuka. Lakini mlangoni pa kanisa miguu ikagoma. "Nirudishe, mwanangu. Ule ubao mtupu siuwezi."

Sechelela alikuwa ndani, akasikia. Akatoka mahali pake, akapita mbele ya wazee wote, akaketi kwa kishindo kwenye nafasi ya Loi, benchi likalia.

"Sechelela!" mama mmoja alishtuka. "Hapo ni pa marehemu!"

"Marehemu yuko kwa Bwana, amekaa pazuri kuliko sisi sote. Aliye hai ndiye aliyekosa wa kukaa naye. Babu, njoo upesi, hili benchi lako linanibana!"

Yeremia akacheka. Alicheka huku machozi yanashuka, akaingia, akaketi. Wimbo ulipoanza, Sechelela akamgonga goti kwa vidole, nje kabisa ya mapigo. Babu akavumilia ubeti wa kwanza. Wa pili hakuweza. Akashusha besi ili amwonyeshe mapigo yalipo, na kanisa zima likaimba likilia.

Baada ya ibada akasema, "Nafasi hii isibaki wazi tena. Atakayeikalia atakuwa mwanangu. Na siku yangu ikifika, yeye ndiye atakayenishika mkono."

"Wapokezane zamu," mchungaji alishauri.

"Mchungaji, mimi sioni. Nikinyoosha mkono nataka nijue nimemshika nani."

Na wote watatu waliitaka nafasi ile, kwa sababu wote watatu walishampenda mzee.

"Bila chakula changu tungekuwa tumeshamzika," alisema Foibe.

"Alikula, lakini alikuwa bado amelala," alisema Naftali, na hayo kwake yalikuwa mengi.

"Na wewe ulimfikisha mlangoni tu, akataka kurudi!" alisema Sechelela.

Wiki nzima Yeremia alijigeuza kitandani. Aliwajua wote: viganja vya Foibe vyenye harufu ya sabuni, kikohozi cha Naftali, sauti ya Sechelela inayotangulia mwenyewe kufika. Aliogopa. Akimchagua mmoja, je, wale wawili wataendelea kuja? Alikwisha kupoteza mtu mmoja, na hakutaka kupoteza wengine. Akamwomba Mungu amwambie. Mungu akanyamaza, kama Naftali.

Sasa ni Jumapili. Babu ameketi kwenye benchi lake fupi. Foibe amesimama kando ya nguzo, Naftali nyuma yake, Sechelela, ajabu, kimya. Mpiga ngoma ameinua mikono. Yeremia amenyoosha mkono juu ya ule ubao, kiganja wazi, anangoja.

Mimi nimeishia hapo, mkono wa mzee bado uko hewani. Wewe uliyenisikiliza, ungemwekea mkono wa nani? Je, ungeamua vipi? Sema basi, wimbo unaanza.