Homa ya Bondeni, Kifua cha Juu

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, Jumatano ya tarehe kumi na moja Aprili, saa tisa alasiri, mjukuu wangu Zawena aliacha kuhema. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Nawasimulia ili mnisaidie, maana tangu siku hiyo nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Mlima wetu una vitongoji vitatu. Juu kuna baridi na moshi wa jikoni, watoto hushikwa na kifua. Kati kuna kijito wanachofulia na kuchotea humohumo, watoto huharisha. Bondeni, kwetu, kuna majaruba ya mpunga na mbu, watoto huugua malaria.

Nesi wa zahanati alichora ramani ukutani. Kila mtoto aliyeletwa alimtilia nukta moja: ya njano kwa kifua, ya buluu kwa kuhara, nyekundu kwa homa. Moja tu, kwa kuwa daftari lilikuwa na nafasi ya ugonjwa mmoja. Ramani ikapendeza. Juu njano, Kati buluu, Bondeni nyekundu. Akagawa dawa kwa kuifuata. Kila kitongoji kikapata mhudumu wake na sanduku lake la dawa ya aina moja, na ikakatazwa mtu kuhudumia kitongoji cha mwenzake.

Jumapili Zawena akachemka mwili. Semboja, mhudumu wetu wa Bondeni, akamtoboa kidole, akaona malaria, akampa dawa.

Jumatatu akaanza kuhara. Mama yake, binti yangu Mwanahawa, akambeba mgongoni mpaka Kati kwa Bi Mishi, mhudumu wa huko. Bi Mishi hakumfukuza. Akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akampa vidonge vya zinki, kuhara kukapungua.

Jumanne mtoto akahema mbiombio. Mwanahawa akafunga kanga apande Juu, mvua inanyesha.

Nikamwambia, "Keti, mwanangu. Hiyo ni homa inamtoka. Mtoto wa Bondeni kifua atakipata wapi?"

Akaketi. Akainuka. Akaketi tena.

Jumatano asubuhi Hoza, mhudumu wa Juu, akateremka kununua mchele. Alipopita mlangoni kwetu akasimama, akaitazama saa yake, akahesabu pumzi za mtoto. Hakuniambia neno. Akaenda kwa Semboja.

"Mtoto wa Mwanahawa anahema mara hamsini na nane kwa dakika. Kile ni kifua."

Semboja akacheka. "Bwana Hoza, wewe hata mbuzi akipanda mlima utampa dawa ya kifua. Nimempima mwenyewe. Ni malaria. Nunua mchele wako."

Hoza akanunua mchele, akapanda zake.

Siku ya tatu, baada ya hitma, wahudumu wote watatu na nesi walikuwa barazani kwangu. Mwanahawa akatoka ndani, akasimama mbele yao.

"Pole zenu nimezipokea. Sasa nataka mmoja, yule mwenye kosa, aniombe radhi. Nikishamsamehe, labda nitalala."

Semboja akasema, "Mwanangu, nilipima, malaria ilikuwepo, dawa nilitoa. Dawa ya kifua sikupewa. Ningekupa nini?"

Bi Mishi akasema, "Mimi hata sikuruhusiwa kumgusa, nikamgusa. Kuhara kulipungua. Lakini kifua chake sikukifunua, kwetu hatukifunui."

Hoza akasema, "Mimi peke yangu niliujua ugonjwa. Mwaka jana nilimpa dawa mtoto wa Kati, nikasemwa mbele ya mkutano. Safari hii nikamwambia mwenye kitongoji, kama nilivyoagizwa. Akanicheka."

Nesi akasema polepole, "Dada, hakuna nukta ya uongo pale ukutani. Kila mtoto nilimwandikia alichokuja nacho. Walikuja na vingi, nikaandika kimoja, kwa sababu daftari lilitaka kimoja."

Hakuna aliyeniita. Nikainuka. "Mimi ndiye niliyemketisha. Hakuwa na haja ya sanduku la mtu kupanda mlima. Miguu alikuwa nayo."

Mwanahawa akanigeukia. "Baba, na mimi niliyekutii?"

Akarudi ndani. Tukamsikia akitembea chumbani, toka ukuta hadi ukuta, mpaka adhana ya alasiri. Hajamsamehe mtu, maana hajamjua wa kumsamehe. Mwaka wa pili huu, hata kula anakula amesimama.

Basi nyinyi mnaosikiliza, mna watoto na mna akili. Aliyepima akaona kimoja, aliyeponya kimoja akaacha kingine, aliyejua akaondoka, aliyechora ramani, aliyesema keti, na aliyeketi. Je, nani alistahili kumwomba radhi nani?

Mkiwa bado mnafikiri, inueni mikono pamoja nami. Ee Mola, Zawena umemchukua hana dhambi. Mpokee kwa rehema zako, umfanye kitangulizi cha mama yake peponi, na uyatulize maungo ya waliobaki. Amin.